Sikukuu Isiyo na Mgeni Rasmi

Shule wanayosoma wanangu ipo Vunjo, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro, ndani ya eneo la parokia, na watu wa huku huiita tu shule ya masista. Ina mkondo mmoja kwa kila darasa, wanafunzi wake wote hawafiki mia mbili, na bwalo lake ndilo ukumbi wa mikutano, chumba cha mitihani na, siku za mvua kubwa, kanisa. Kwa kuwa nimekuwa mjumbe wa kamati ya wazazi kwa miaka kadhaa, nimepata nafasi ya kuzitazama sikukuu zake kwa karibu kuliko mzazi anayefika siku ya mahafali peke yake, na nimefikia maoni ambayo baadhi ya wajumbe wenzangu hawayakubali: kwamba udogo wa shule hii ndio unaozipa sikukuu zake uzito, kwa sababu mahali penye watu wachache hapana anayeweza kubaki mtazamaji.

Asiyetoka Uchaggani huenda akadhani kwamba shule ya Kanisa katika eneo hili ni mwendelezo usiokatika wa kazi ya wamisionari. Historia yake imepinda zaidi ya hapo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, walioanzia Bagamoyo mwaka 1868, walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaacha huko kanisa, shule na miche ya kahawa. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, nao wakaingia mlimani mwaka 1893, ndiyo maana hadi leo mtu wa huku akitaja kijiji chake unaweza kukisia dhehebu lake. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali, na kizazi cha wazazi wangu kikasoma katika madarasa yaliyojengwa na mapadri lakini yakiongozwa na mwalimu mkuu aliyepangwa na Serikali. Shule nyingi za Kanisa tunazoziona leo, yetu ikiwamo, zilizaliwa baadaye, sera zilipofungua tena mlango kwa mashirika ya dini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya desturi ninazozieleza hapa hazikurithiwa kutoka kwa yeyote. Zilitungwa na masista, walimu na wazazi, wakichukua kidogo parokiani na kidogo nyumbani, isipokuwa nyimbo chache za Kilatini ambazo mabibi wa jumuiya, yaani vile vikundi vya sala vya majirani Wakatoliki, bado wanazikumbuka na ambazo huwafundisha watoto kwa ukali kuliko mwalimu yeyote wa kwaya.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba shule haisherehekei Noeli wala Pasaka siku yake. Muhula wa pili hufungwa kabla Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli, hayajafika mbali, na Juma Kuu, lile la kuelekea Pasaka, mara nyingi huwakuta watoto nyumbani au karibu na kwenda likizo fupi. Sikukuu kubwa mbili za Kanisa ni za familia na za parokia. Noeli hasa, huku kwetu, ni ya ukoo mzima uliorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kuja kula nyumbani. Linalobaki kwa shule ni siku zilizo katikati: Jumatano ya Majivu, Ijumaa za Kwaresima, Mei ya Bikira Maria, sikukuu ya somo wa shule (yaani mtakatifu msimamizi wake), Rozari ya Oktoba na Novemba ya marehemu. Kwa muda mrefu niliziona hizo kuwa siku za daraja la pili. Sasa naona kwamba kwa mtoto wa shule ndizo zenye nafasi ya kumfundisha, kwa kuwa hazishindani na nguo mpya wala na soda.

Chukua Jumatano ya Majivu. Majivu yake hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo Wakatoliki wengi huyachomeka juu ya mlango au nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu hadi yakauke kabisa. Parokia ingeweza kuyakusanya yenyewe, lakini masista waliamua kwamba kila mtoto alete ya nyumbani kwao. Darasa la sita huyachoma kwenye karai, chini ya macho ya mwalimu, huyachekecha kwa chujio la chai, na kumkabidhi Baba Paroko yakiwa kwenye kisahani. Padri anapompaka mtoto majivu kwenye paji la uso na kumkumbusha kwamba yeye ni mavumbi, mtoto anajua mavumbi hayo yametoka mlangoni kwa bibi yake. Watoto wa Kilutheri na wa Kiislamu, ambao si wachache, hawalazimishwi kupanga foleni. Walutheri wengi huja kwa hiari, Waislamu hukaa na mwalimu wao, na sijawahi kusikia mzazi akilalamika kwa upande wowote.

Kwaresima yenyewe hufuata na mvua za masika. Njia ya Msalaba, sala ya kuyafuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, hufanyika Ijumaa mchana, vituo vyote 14, nje, kati ya kanisa na migomba ya parokia, na kila darasa lina vituo vyake viwili vya kuandaa, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Hesabu imejipanga yenyewe, nami nadhani hilo limechangia kuifanya desturi hii idumu. Darasa la kwanza hawajui kusoma vizuri, hivyo hukariri. Kuna mwaka walichanganya maneno ya kituo chao na ya sala ya Malaika wa Bwana, na kusanyiko lote likaitikia kama kawaida bila kutabasamu. Pembeni huwekwa kisanduku cha Utoto Mtakatifu, lile shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto kwa sala na kwa sadaka ndogo. Kinachoingia kisandukuni ni fedha ya andazi la mapumziko. Si nyingi, na masista hawatangazi darasa gani limetoa zaidi, jambo ambalo nalipongeza, kwa maana nimeona kwingine sadaka ya watoto ikigeuzwa mashindano ambayo mshindi wake ni mzazi mwenye kipato.

Ijumaa moja kabla ya Juma Kuu kuna ibada ya kitubio, yaani ya kuungama dhambi, na hapa ndipo shule yetu iliwahi kuzua mjadala. Wachagga wana mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha, na kwa mila aliyepelekewa hapaswi kukataa. Sista mmoja, ambaye si Mchagga, alijifunza jambo hilo kwa wazee wa jumuiya, akaanza kuwaruhusu watoto waliogombana kupeana isale uani kabla ya kuingia kanisani. Baadhi ya wazazi walikuja juu: huo ni upagani, walisema, tena mbele ya mlango wa kanisa. Wengine walihofia kwamba watoto wa makabila mengine, kina Wapare na Wameru, watajiona wageni. Kikao kilichukua jioni nzima. Paroko alisikiliza kila mtu, kisha akajibu kwa kifupi kwamba kitubio ni sakramenti na kinabaki vilevile, kwa padri, katika kiti cha maungamo, na kwamba hakuna jani linaloweza kukaa mahali pake. Lakini Injili inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake, na ikiwa mtoto wa miaka tisa anakosa maneno ya kumwambia ndugu yake, basi jani linamsaidia kuyapata. Desturi ikaendelea. Nimeshuhudia mvulana wa darasa la nne akizunguka uwanja mara tatu na isale mgongoni kabla ya kumfikia aliyemvunjia rula, na aliyemvunjia rula akiwa na isale lake vilevile amelificha mgongoni.

Kuhusu Komunyo ya Kwanza nitasema machache, kwa sababu ni ya parokia na si ya shule, ingawa wapokeaji wengi ni watoto wetu. Mafundisho huongozwa na katekista, mtihani wake ni mkali, na siku yenyewe huwa nzuri. Kilichokuwa kikiharibu ni kilichofuata: magauni ya kukodi mjini, keki ya ghorofa, mpiga picha, mahema, na mtoto wa jirani mwenye gauni la dada yake akijificha nyuma ya kundi. Tulikubaliana, baada ya maneno mengi, kwamba watoto wote wavae kanzu nyeupe zinazotunzwa sakristia, zinazofuliwa na kutumiwa tena mwaka unaofuata, na kwamba mlo wa mchana uwe mmoja, bwaloni, kwa wote. Mzazi anayetaka kufanya sherehe nyumbani kwake jioni hazuiwi. Wanaofanya wamepungua, na sidhani kwamba ni kwa sababu ya ukata peke yake.

Sikukuu ambayo shule inaiona kuwa yake kabisa ni ya somo wake, Mtakatifu Kizito, tarehe 3 Juni, pamoja na Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzao, wafia dini wa Uganda. Tarehe hiyo huangukia ukingoni mwa muhula wa kwanza, mwaka huu ndani, mwaka ujao nje, kwa hiyo mara nyingi tunaiadhimisha siku chache kabla ya shule kufungwa. Kizito alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga wa Buganda, mdogo kuliko wafia dini wenzake wote Wakatoliki, mwenye umri wa miaka 14 hivi, aliyebatizwa na Karoli Lwanga walipokwisha kujua kwamba kifo kiko mlangoni, na aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki hao 22 kuwa watakatifu mwezi Oktoba 1964. Kwa watoto wa Afrika Mashariki hii ni hadithi ya karibu: Namugongo si Roma, ni mahali ambapo basi linafika, na baadhi ya wanajumuiya wetu wamekwenda huko kuhiji na kurudi na picha.

Mchezo wa kuigiza wa siku hiyo huandaliwa na darasa la tano, lakini kwa kuwa darasa zima halijazi ikulu ya Kabaka, madarasa mengine hukopesha walinzi, wapiga ngoma, wabeba kuni na umati wa Namugongo. Mwalimu wa maarifa ya jamii huusimamia kwa uangalifu wa kitaaluma ambao naupenda sana. Haachi watoto wadhani kwamba waliouawa walikuwa Wakatoliki peke yao: Waanglikana waliuawa pamoja nao, na kabla ya Mwanga, katika miaka ya 1870, Waislamu nao waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa kwa kushika dini yao. Katika shule ambayo mtoto wa darasa la tano aitwaye Kizito anakaa dawati moja na mwenzake aitwaye Swalehe, jambo hilo lina maana ya moja kwa moja, na kuna mwaka mpiga ngoma mkuu wa ikulu alikuwa huyo wa pili. Moto huigizwa kwa kanga nyekundu na za rangi ya machungwa zinazotikiswa na wasichana wa darasa la pili. Wanaambiwa wazitikise polepole. Hawajawahi kuzitikisa polepole.

Chakula nacho kina mpangilio wake. Kila jumuiya ndogo ndogo inayozunguka shule huleta sehemu yake: hii mikungu ya ndizi, hii maharage na kuni, hii mafuta, vitunguu na karoti, hii sufuria zile kubwa zinazohitaji watu wawili kuzibeba. Akina mama humenya ndizi tangu alfajiri na mikono yao hubaki myeusi kwa utomvu hadi siku ya pili. Ng'ombe huchinjwa na mzazi mmoja Mwislamu, kama ilivyo kawaida katika shughuli nyingi nchini, ili asiwepo mtoto wa kupikiwa pembeni. Yeye akishamaliza, wanaume wa Kichagga huingia na visu vyao na mabishano yao ya zamani kuhusu nani anastahili sehemu gani ya mnyama. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hubaki nyumbani, hilo ni sharti la masista na halina rufaa. Baada ya Misa na mchezo watu wote huketi kwenye nyasi, wazazi, walimu, mpishi, mlinzi na paroko, na darasa la saba ndio wanaogawa sahani.

Nimesema wote huketi kwenye nyasi, lakini haikuwa hivyo sikuzote. Kulikuwa na kipindi ambapo kamati, kwa nia njema, iliamua kuiunganisha sikukuu ya somo na harambee ya kujenga vyoo vipya. Akaalikwa mgeni rasmi mwenye jina, likatafutwa hema, ikapambwa meza kuu kwa vitambaa na maji ya chupa, ikaandikwa risala ndefu. Mgeni alichelewa sana. Watoto walisimama juani kwa mistari wakiwa na nyimbo za kumpokea, Misa ikafupishwa, mchezo wa Kizito ukakatwa katikati ili hotuba zipate nafasi, na wasichana wa kanga nyekundu hawakupata kuutikisa moto wao. Fedha ilipatikana, vyoo vikajengwa, na ni vyoo vizuri. Hata hivyo nilipowauliza wanangu siku hiyo ilihusu nini, mdogo alisema ilihusu mzee wa gari jeupe. Kwenye kikao kilichofuata bibi mmoja wa jumuiya, ambaye huwa hasemi, alisimama akauliza, "Jamani, hivi Kizito mlimkalisha wapi?" Tangu wakati huo harambee ina siku yake, yenye hema na mgeni rasmi na risala, nami huiandaa kwa moyo mweupe kabisa, kwa maana shule ya ada ndogo haiwezi kuishi bila watu wenye uwezo, lakini siku ya somo haina mgeni rasmi.

Maisha ya jumuiya hayapimwi kwa karamu peke yake, na mwezi wa Novemba huonyesha upande wa pili. Tarehe 2 huombewa marehemu wote, na kwa mwezi mzima huwekwa karibu na altare kikapu ambamo watoto hutia vipande vya karatasi vyenye majina ya wafu wao. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba ni katika kikapu hicho alipojua kwa mara ya kwanza kuwa mwanafunzi wake alikuwa amefiwa na mama. Shangazi aliyemleta shuleni alikuwa amejaza fomu bila kulitaja. Msiba ukitokea katika familia ya mwanafunzi, darasa lake lote huenda mazikoni na sare, wakiongozwa na sista na mwalimu wa darasa. Huku watu huzikwa kihambani, kati ya migomba, hatua chache kutoka mlango wa nyumba, na watoto husimama upande mmoja wa kaburi wakiimba wakati udongo ukitiwa. Zamani niliona kuwa ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka minane. Lakini aliyefiwa hurudi shuleni juma lifuatalo akiwa hana haja ya kumweleza mtu yeyote lililompata.

Juu ya Misa ya darasa la saba kabla ya mtihani wa taifa sina mengi. Padri hubariki kalamu, wazazi hufurika kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na mimi hujiuliza kimoyomoyo wengine walikuwa wapi Kwaresima yote.

Hivi karibuni masista wametuletea pendekezo la kuanzisha mkondo wa pili. Sababu zao ni za kweli: maombi ya nafasi yamezidi, mishahara ya walimu haisubiri, na shirika lao haliwezi kuibeba shule milele. Sitapinga. Nitakachoomba kwenye kikao ni kwamba, kabla ya kuhesabu madawati, tuhesabu kazi za siku ya somo, za Njia ya Msalaba na za jikoni, tuone kama zinatosha watoto mia nne. Na kama hazitoshi, mikondo miwili isiadhimishe kwa kupangana mmoja akiigiza na mwingine akitazama, bali kila mkondo uwe na vituo vyake vya Msalaba na zamu yake ya kugawa sahani, hata ikibidi vituo 14 vifanywe mara mbili katika Ijumaa moja. Mwalimu wa kwaya ameshaniambia kwamba wazo hilo litachosha watu. Sista mkuu yeye aliuliza tu kama nimefikiria kanga nyekundu zitatoka wapi, nikamjibu kwamba za mke wangu zipo mbili.